Mstari Unaokosekana Kwenye Bango la Mradi

Kila saiti ya ujenzi ina bango lake. Husimamishwa kwenye nguzo mbili karibu na uzio wa mabati, na maandishi yake hufuata mpangilio ule ule: jina la mradi, mwajiri, mshauri elekezi, mkandarasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Mwanafunzi anayepita kwenda darasani hulisoma siku ya kwanza akajua jengo la zamani lililofungwa litafunguliwa lini. Muhula ukiisha na tarehe ikapita, huacha kulitazama. Bango hubaki likipauka kwa jua.

Makala haya yanahusu miradi ya aina moja: ukarabati wa majengo ya kihistoria ndani ya kampasi za vyuo vikuu, pale lengo linapokuwa kuyafungua kwa watu wanaotaka kuyatembelea. Hayalengi chuo chochote wala mtu yeyote. Yanapima kile ambacho miradi ya namna hii huahidi, kile kinachojengwa, kile kinachobaki, na sababu za gharama kupanda njiani. Hoja yake ni moja. Bango lina tarehe mbili, na zote mbili ni za wajenzi. Mtumiaji anasubiri tarehe ya tatu, siku atakayoingia, na hiyo haijaandikwa popote.

Afrika Mashariki ina kampasi zenye umri wa kutosha kuitwa kumbukumbu. Kwenye kilima cha Makerere, Kampala, mambo yalianza mwaka 1922 kwa shule ndogo ya ufundi, na jengo kuu likajengwa mwaka 1941. Mlimani, Dar es Salaam, masomo ya chuo kikuu yalihamia mwaka 1964, na ukumbi mkuu wa pale ulichapishwa nyuma ya noti ya shilingi 500, kabla noti hiyo haijaachia nafasi kwa sarafu. Watu waliowahi kuushika ukumbi huo mkononi ni wengi kuliko waliowahi kukanyaga sakafu yake. Katika majengo ya namna hii wamefundishwa mawakili, walimu, madaktari na viongozi wa nchi kadhaa. Kwa hiyo wageni wake si watalii peke yao. Wapo wahitimu wanaorudi na watoto wao, wanafunzi wa sekondari walioletwa kwa basi, wanafunzi wa usanifu majengo wenye daftari la kuchorea, na wazazi wa siku ya mahafali wanaotaka kuona mtoto wao alikuwa anakaa wapi.

Ahadi ya kwenye karatasi

Andiko la mradi wa aina hii halitofautiani sana kutoka kampasi moja hadi nyingine. Huahidi paa lisilovuja, kuta zilizorudishiwa sura yake ya awali, madirisha na milango iliyotengenezwa, na nyaya mpya za umeme. Kisha hufuata ahadi zinazomgusa mgeni: chumba cha maonyesho, njia ya kutembelea yenye vibao, njia ya mteremko ya kiti mwendo, vyoo vya wageni, taa za nje na mwongoza wageni. Muda unaotajwa huwa mwaka mmoja au mwaka na nusu.

Ahadi hizo kwa kawaida hutolewa kwa nia njema. Udhaifu wake unaanzia kwenye taarifa zilizotumika kuziandika. Jengo la zamani haliwezi kupimwa vizuri kwa macho. Lazima dari ibanduliwe ili mbao za paa zionekane, lipu ichokonolewe, na shimo lichimbwe kando ya msingi. Lakini wakati mpango unaandaliwa, jengo bado linatumika. Ghorofa ya chini wapo wahasibu, juu kuna madarasa, na hakuna anayetaka dari ifunguliwe katikati ya muhula. Michoro ya awali nayo mara nyingi haipatikani, au ikipatikana huonyesha jengo kabla halijaongezewa vyumba na kuzibwa milango. Mkadiriaji majenzi hulazimika kuandika idadi ya mbao zilizooza bila kuziona. Anaandika makisio, yanaingia kwenye jedwali la gharama, na baada ya mkataba kusainiwa makisio yale husomwa kama vipimo.

Lipo pia suala la sheria. Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulitambua moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Ukumbi wa miaka ya 1960 hauingii humo mpaka utangazwe rasmi. Maana yake ni kwamba majengo mengi ya vyuo yanaitwa ya kihistoria na watu wanaoyapenda, huku kisheria yakiwa majengo ya kawaida. Mpango wake unaweza kupita bila mtaalamu wa uhifadhi kuketi mezani, na makisio ya muda yakafanywa kana kwamba ni ukarabati wa bweni.

Tena ukitazama mpangilio wa jedwali la gharama, utaona kwamba vitu vya mgeni viko chini kabisa. Msingi, kuta na paa huja kwanza, kwa sababu ndivyo jengo linavyosimama. Vibao, maonyesho na njia ya nje huja mwisho. Mpangilio huo ni wa kiufundi na hauna ubaya wowote wenyewe. Athari yake huonekana baadaye, fedha zinapopungua.

Kinachotokea saiti

Siku ya kukabidhi saiti kwa mkandarasi ndiyo huleta uchelewaji wa kwanza. Ofisi zilizomo hazijapata pa kuhamia, mafaili ya miaka 40 hayajapangwa, na chumba kimoja kina mitambo ambayo hakuna mwenye idhini ya kuigusa. Wiki sita huenda hivyo. Kazi ikianza, kalenda ya chuo nayo ina haki zake. Wakati wa mitihani mashine za kukata zege hunyamazishwa. Siku ya mahafali uzio husogezwa ili wageni wapite. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huzuia kazi za nje. Mkandarasi aliyepewa miezi 12 hujikuta na miezi minane au tisa ya kufanya kazi kweli.

Kisha jengo lenyewe huanza kusema lina nini. Yale ya zamani ya pwani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, huku boriti za mikoko zikibeba dari. Kwa sababu boriti hizo zina kikomo cha urefu, vyumba vyake ni vyembamba, kama mita 3 hivi, na huwezi kutanua chumba bila kubadilisha jengo. Ukuta wa aina hiyo hupitisha unyevu, ukaingia na ukatoka. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukwama ndani, chumvi hujikusanya, na baada ya misimu michache lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Lipu sahihi ni ya chokaa. Nayo hutaka chokaa iliyolowekwa kwa wiki kadhaa, ipakwe kwa tabaka nyembamba, kila tabaka liachwe lishike polepole bila kuchomwa na jua wala kupigwa na mvua. Fundi mwashi anayeijua kazi hiyo hapatikani kirahisi. Ratiba iliyopangwa kwa mwendo wa saruji haiwezi kutimia kwa chokaa, hata watu wakifanya kazi usiku.

Majengo ya katikati ya karne iliyopita, ambayo ndiyo mengi katika kampasi zetu, yana maradhi mengine. Yamejengwa kwa zege lenye nondo, sakafu za terazo, madirisha ya luva na mapaa bapa. Paa bapa likianza kuvuja, maji huifikia nondo, nondo hushika kutu, kutu huitanua, na zege hupasuka kutoka ndani. Ufa mdogo unaoonekana nje huwa ni ishara ya kazi kubwa ndani. Milango ya mninga au mvule huwa imara, lakini fremu laini zilizowekwa katika matengenezo ya baadaye huwa zimeliwa na mchwa. Na juu ya dari hukutwa mara nyingi mabati ya asbesto, yaliyotumika sana enzi hizo. Asbesto haivunjwivunjwi na kutupwa. Huloweshwa, hutolewa na watu waliofunzwa wakiwa na mavazi ya kinga, hufungwa na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Kama haikuandikwa kwenye mkataba, kazi husimama mpaka bei yake ikubaliwe.

Ni haki kusema kwamba katika hatua hii kazi nyingi nzuri hufanyika. Mapaa yaliyovuja kwa miaka 20 hukauka. Mafundi vijana hujifunza kuchanganya chokaa kutoka kwa wazee waliobaki. Majengo ambayo yangebomolewa hubaki yamesimama. Anayepima miradi hii kwa ucheleweshaji peke yake hatawatendea haki waliopanda kwenye majukwaa ya mbao kuiokoa kazi ya babu zao.

Gharama hupandaje

Sababu za gharama kupanda si za siri, na nyingi hazihitaji mtu mwovu ili zitokee. Chukua mfano wa hesabu tu, usio wa mradi wowote. Mkataba ni wa shilingi bilioni 1, na ndani yake zimetengwa fedha za dharura asilimia 10, yaani milioni 100. Paa linafunguliwa, asbesto na mbao zilizooza zinakula milioni 90. Kazi inaongezewa miezi tisa. Kuendesha saiti, yaani ulinzi, msimamizi, majukwaa ya kukodi, maji na umeme, ni milioni 8 kwa mwezi, kwa hiyo miezi tisa ni milioni 72. Milioni 10 zilizobaki za dharura zinalipia mwezi mmoja na siku chache. Pengo la milioni 62 lazima lizibwe. Mradi hauwezi kuacha paa nusu, wala hauwezi kurudisha nyaya za zamani. Unatafuta chini ya jedwali. Pale zipo milioni 25 za vibao na maonyesho, milioni 20 za njia ya mteremko na njia ya nje, milioni 17 za vyoo vya wageni. Jumla yake ni 62.

Huo ndio mwendo wa kawaida, ingawa tarakimu hubadilika. Kuna mambo matatu yanayouongezea kasi. La kwanza ni mabadiliko ya kazi: idara huomba chumba kiongezwe wakati ukuta umeshajengwa, na kila ombi lina bei na lina siku zake. La pili ni bei za vifaa. Vioo, vifaa vya umeme na lifti vikitoka nje, shilingi ikishuka thamani kabla oda haijalipwa, makisio ya mwaka jana huwa hayanunui tena kitu kile kile. La tatu ni mtiririko wa malipo. Kenya, Uganda na Tanzania mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni. Fedha zikichelewa kutoka, mkandarasi hupunguza vibarua au hukopa, na riba ya mkopo hutafuta njia ya kurudi kwenye hati za malipo. Fedha zikitoka Mei, kila mmoja hukimbia ili zitumike kabla ya Juni kuisha, na lipu iliyotaka miezi mitatu hupigwa kwa wiki tatu huku mvua za masika bado hazijakatika. Kasoro zake hurudi mwaka unaofuata zikiwa na gharama mpya.

Kinachobaki

Hatimaye jengo hukabidhiwa. Hutengenezwa orodha ya kasoro ndogo, kisha huanza kipindi cha matazamio, ambacho mara nyingi ni mwaka mmoja. Sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiliwa, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10, na nusu yake huachiwa siku ya makabidhiano. Kwa lugha ya mkataba, kazi imekamilika. Picha hupigwa, na ripoti huandikwa kwamba mradi umefikia asilimia 100.

Asilimia hiyo ni ya kweli kwa kile ilichopima. Ilipima kazi zilizobaki kwenye mkataba baada ya nyingine kuondolewa. Tumwangalie sasa mgeni aliyeahidiwa kwenye andiko. Anafika Jumamosi. Getini mlinzi anampa kitabu cha wageni, chenye safu ya jina, simu, muda wa kuingia na mtu anayemwona. Safu hiyo ya mwisho inamshinda, kwa sababu hakuja kumwona mtu, amekuja kuona jengo. Mlinzi naye hana maelekezo, na kumzuia ndiyo njia salama kwake. Akiruhusiwa, anafika mlangoni akakuta kufuli. Ufunguo uko ofisi ya miliki, inayofunguliwa Jumatatu. Hakuna kibao cha kumwambia jengo lilijengwa lini wala nani aliketi humo.

Mgeni wa kiti mwendo hukwama kabla ya kufuli. Kipimo kinachotumika sana cha njia ya mteremko ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi tano za sentimita 15 kila moja ni sentimita 75, kwa hiyo njia yake ni mita 9, bila kuhesabu sehemu tambarare za kugeukia. Mita 9 mbele ya jengo la kihistoria haziwezi kuchomekwa dakika za mwisho. Hutaka kuchorwa tangu mwanzo, ili zipite pembeni bila kuharibu uso wa jengo. Zikiachwa, huwekwa baadaye bamba la chuma lenye mwinuko mkali, ambalo hakuna anayeweza kulipanda bila kusukumwa. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki ya kufikia majengo ya umma. Haki hiyo huanza kuwa na maana pale mita hizo 9 zinapoingia kwenye mchoro.

Chumba cha maonyesho nacho kina hadithi yake. Vyuo vina wanafunzi wengi kuliko vilivyojengewa, na wahadhiri wapya hawana meza. Chumba kikubwa, kilichopakwa rangi, kisicho na kitu, hakikai wazi kwa muda mrefu. Mtu huhamishiwa humo kwa muda. Baada ya mwaka huwa na kabati, printa na jina mlangoni. Huwezi kumlaumu, kwani alihitaji pa kufanyia kazi. Lakini chumba kilichojengwa kwa ajili ya umma kimekuwa ofisi, na hakuna kikao kilichoamua hivyo.

Tarehe ya tatu

Mazoea haya yanaweza kurekebishwa bila fedha nyingi. Hatua ya kwanza ni kutenga mkataba mdogo wa uchunguzi kabla ya mkataba mkubwa. Likizo ndefu moja inatosha kufungua dari sehemu chache, kupima zege na kutafuta asbesto. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na miezi tisa ya kuendesha saiti iliyosimama.

Hatua ya pili ni kuvitoa vitu vya mgeni chini ya jedwali. Vibao, maandishi ya historia na njia ya kutembelea havisubiri paa. Vinaweza kuwa na fungu lake lisilohamishika na kuanza kabla ya ukarabati. Jengo likiwa bado kwenye majukwaa, mgeni anaweza kusimama nje ya uzio akasoma habari zake. Inawezekana pia kuweka siku moja ya mwezi ambapo watu huingia na kofia ngumu kumwona fundi akipaka chokaa. Wengi wangependa kuiona kazi hiyo kuliko kuliona jengo lililomalizika.

Hatua ya tatu ni kutaja mwenye ufunguo. Kabla ya makabidhiano iandikwe ofisi gani itafungua mlango, siku zipi, saa ngapi, na mlinzi wa getini ataandika nini kwenye safu ya mtu anayeonwa. Hili halina gharama ya vifaa, na pengine ndiyo sababu linasahaulika: mkandarasi halipwi kwa ajili yake, mshauri elekezi halikagui, na mkadiriaji majenzi hana kipimo chake.

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wa majengo huurejea mara kwa mara, unasema kwamba kulitumia jengo kwa faida ya jamii husaidia kulihifadhi, mradi matumizi hayo hayabadilishi mpangilio wake. Wahenga wetu walilisema jambo la jirani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Jengo linalotembelewa kila wiki hufagiliwa kila wiki. Doa la maji darini huonwa likiwa na ukubwa wa kiganja. Mlango ulioanza kushuka hutengenezwa kwa sababu kuna mtu ataupitia kesho. Jengo lililokarabatiwa kisha likafungwa hurudi lilikotoka polepole, na baada ya miaka 15 huandikiwa andiko jingine.

Kwa hiyo ombi ni dogo. Chini ya tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, bango liongezwe mstari mmoja: tarehe ya kufunguliwa kwa wageni, na ofisi yenye ufunguo. Huenda tarehe hiyo nayo ikapita, kama zinavyopita nyingine. Lakini mwanafunzi anayekwenda darasani atakuwa na cha kuuliza, na ataijua ofisi ya kuulizia.